Homa siku ya 10 baada ya kemo: nimpe nini kwa kabati la HC IV (kituo cha afya cha daraja la nne, Uganda) kabla ya rufaa?

tabibu_koboko

Wasawo (matabibu), salamu. Miongozo ya kutibu homa kwa mgonjwa mwenye chembe nyeupe chache nimeisoma, lakini karibu yote huanza na dawa ambazo kwenye kabati la HC IV hazimo. Naomba tujadili kwa kabati lililopo.

Chukueni mfano huu wa kutunga. Mama wa miaka 46, kilo 58, saratani ya titi. Amepewa kemo ya doksorubisini na siklofosfamidi Mulago, Kampala, akapanda basi kurudi West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kungoja mzunguko unaofuata. Leo ni siku ya 10. Homa 38.6 kwapani, mapigo 112, presha 104/66, anaongea vizuri, ana vidonda viwili vidogo mdomoni, kifua kiko safi. Mashine ya CBC (ya kuhesabu chembe za damu) tunayo ila kemikali zake huisha mara kwa mara. Kuotesha damu mpaka hospitali ya rufaa ya Arua. Kabatini kuna seftriaksoni ya gramu 1, jentamisini ya mg 80, metronidazoli ya dripu, ampisilini, sipro ya mg 500, na amoksiklavu ikibahatika.

Ningoje CBC au nianze? Kipimo cha malaria kikiwa chanya, si homa imeshapata mwenyewe? Seftriaksoni peke yake inatosha kumfikisha Arua? Na ni mgonjwa gani wa namna hii anayeweza kurudi nyumbani na vidonge?

dkt_damu

Musawo, usingoje CBC. Siku ya 10 ya dawa hizo mbili ndipo neutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) huwa chini kabisa, na homa inatosha kukuhukumia. Lengo ni dakika 60 tangu avuke geti mpaka dawa iingie mshipani. Dakika hizo hazihesabiwi tangu ulipoandika kwenye faili. Mara nyingi muda hupotelea kwenye foleni ya kadi na kwenye dirisha la maabara, kwa hiyo mgonjwa wa kemo mwenye homa asipange foleni hata moja.

Sababu ya haraka ni hii: usaha ni neutrofili zilizokufa. Asiye na neutrofili hatoi usaha. Jipu lake ni wekundu kidogo tu, nimonia yake haionekani kwenye eksirei, mkojo wake hauna chembe nyeupe. Wakati huohuo kemo imechubua utando wa mdomo na utumbo, na vijidudu vya tumboni, E. coli na Klebsiella, vinapita kuingia kwenye damu. Homa inaweza kuwa dalili ya pekee utakayoipata mpaka presha ianguke. Hiyo "kifua kiko safi" uliyoandika isikupe usingizi.

Kipimo cha joto: mdomoni, 38.3 mara moja, au 38.0 inayodumu saa nzima. Kwapani husoma chini kwa takriban nusu digrii, kwa hiyo 37.8 ya kwapani kwa mgonjwa wa kemo mimi naihesabu homa. Chini ya 36 nayo ni hatari vilevile. Na anayemeza prednisoloni, mfano wale wa CHOP (kemo ya limfoma) wanaokunywa mg 100 kwa siku 5, anaweza kuwa na damu iliyojaa vijidudu na asichemke kabisa. Huyo akija na maumivu ya tumbo au kuchanganyikiwa, mtibu kana kwamba ana homa.

Kemikali zikiwepo, hesabu hivi: chembe nyeupe zote mara asilimia ya neutrofili. Mashine ikisoma 0.9 na neutrofili asilimia 30, una 0.27, yaani 270 kwa kila maikrolita. Chini ya 500 ndiyo hatari, chini ya 100 ni hatari maradufu. Lakini 800 siku ya 8 haikuondolei wasiwasi, kwa sababu bado anateremka, na anayetarajiwa kufika chini ya 500 ndani ya saa 48 anatibiwa sawa na aliyekwisha kufika. Angalieni pia mashine ndogo zinazogawa chembe makundi matatu tu: zile huandika GRAN, ambayo ni zaidi ya neutrofili, na chembe zikiwa chache sana mgawanyo wenyewe huwa wa kubahatisha. Pakeni damu kwenye kioo mhesabu kwa macho.

Kando kidogo, maana huwa inachanganya: watu wetu wengi wenye afya hukaa na neutrofili 1,000 hadi 1,500 maisha yao yote. Ni urithi wa chembe nyekundu zisizo na alama ya Duffy, si ugonjwa. Mtu kama huyo akija na homa bila kemo, usimrushie dawa za hapa kwa sababu tu mashine imeandika L (chini) pembeni.

Malaria: pima, na ikiwepo tibu, lakini juu ya antibayotiki, si badala yake. Kipimo cha haraka hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo West Nile uchanya wake unaweza kuwa wa vita iliyokwisha. Ongeza kioo cha damu. Na hata wadudu wakionekana, mtu mwenye vidonda mdomoni siku ya 10 anaweza kuwa na malaria na E. coli kwa pamoja. Kama anatapika au amezidiwa, artesuneti ya mshipa mg 2.4 kwa kilo saa 0, 12 na 24. Kwa kilo 58 ni mg 139, hivyo chupa tatu za mg 60; ukichanganya ifike mg 10 kwa ml unavuta ml 14.

Sasa seftriaksoni. Peke yake haitoshi, kwa sababu haimgusi kijidudu Pseudomonas, na huyo ndiye anayeua kwa saa chache. Weka jentamisini pembeni yake. Hii si dawa ya kimaskini: mwaka 1993 kundi la Ulaya la utafiti wa saratani, EORTC, lilichapisha jaribio la seftriaksoni na amikasini mara moja kwa siku dhidi ya seftazidimu na amikasini mara kadhaa kwa siku, kwa wagonjwa wa kansa wenye chembe chache, na matokeo yakakaribiana. Na kwa kazi yako ina faida ambayo waandishi wale hawakuiwaza: ni dawa za mara moja kwa siku. Ukimpa saa nne asubuhi, hakuna dozi itakayokufa njiani. Seftazidimu ya kila saa 8 ikianzia Koboko, dozi ya pili hukutana na gari la wagonjwa linalongoja mafuta.

famasia_mbarara

Nikubaliane na daktari, kisha niingie jikoni, maana dawa nzuri huharibikia kwenye kuchanganya.

Jentamisini ni mg 5 kwa kilo kwa kuanzia, mara moja kwa siku. Kilo 58 ni mg 290. Ampuli ni mg 80 ndani ya ml 2, kwa hiyo ampuli tatu na nusu, ml 7, mg 280. Wengi mkono unatetemeka kuvunja ampuli ya nne, wanaandika mg 80 kila saa 8 kama walivyozoea. Hapo ndipo inapokosewa. Jentamisini huua kwa kilele: ikipanda juu mara moja inaua kwa kishindo, halafu inashuka figo zinapumua. Ukiikata vipande vitatu, kilele cha kumwua Pseudomonas hakifikiwi, na figo hazipati nafasi ya kupumua hata saa moja. Unapata madhara bila tiba.

Mkiwa na amikasini, ipeni kwanza. Vijidudu vingi vilivyokwisha kuizoea jentamisini bado vinaiogopa. Ni mg 15 hadi 20 kwa kilo. Kwa mama huyu gramu 1, yaani chupa mbili za mg 500, jumla ml 4.

Seftriaksoni ni gramu 2. Kila chupa ya gramu 1 iyeyushe kwa ml 10 za maji ya sindano, tikisa mpaka iwe angavu, mimina zote mbili kwenye ml 100 za saline, dripu ya dakika 30. Rangi ya njano hafifu ni ya kawaida; ukungu au chembechembe si kawaida, mwaga. Ianze yenyewe. Kisha safisha mpira kwa ml 10 za saline, ndipo ufuatishe jentamisini kwenye ml 100 za saline nyingine, dakika 30. Mbili hizi zisikutane kwenye bomba moja wala chupa moja, kwa sababu dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini huimaliza nguvu jentamisini.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye boksi na kwenye stendi. Baadhi ya pakiti za seftriaksoni huja na kichupa cha lignokaini (ganzi) kwa ajili ya sindano ya msuli. Hicho kisiingie mshipani hata kwa bahati mbaya. Kitupe kabla hujaanza kuchanganya. Na dripu ya Ringer ina kalisi, ambayo ikikutana na seftriaksoni hutengeneza unga mweupe ndani ya mpira. Kama Ringer ilikuwa inaingia, funga, safisha kwa saline, kisha endelea. Kwa mtoto mchanga wa chini ya siku 28 anayepata kalisi, msijaribu kabisa.

Figo: dozi ya kwanza ya jentamisini mpe hata kama kreatinini hujaiona. Dozi ya pili ndiyo ingoje jibu. Ila muulize, au tazama kadi yake, kama kemo yake ilikuwa na sisplatini au methotreksati ya dozi kubwa. Hao figo zao tayari zina deni, na sisplatini huharibu masikio kama jentamisini inavyoharibu. Kwa hao natafuta seftazidimu gramu 2 kila saa 8, au pip-tazo (piperasilini na tazobaktamu), ingawa pip-tazo nayo huzuia methotreksati kutoka mwilini. Ikikosekana kabisa, seftriaksoni na sipro ya mshipa mg 400.

tabibu_koboko

Asante sana, ml 7 nimeiandika ukutani. Swali dogo: ampisilini iliyopo niiongeze? Na metronidazoli?

famasia_mbarara

Ampisilini iache. E. coli na Klebsiella wengi wanaicheka. Metronidazoli mg 500 kila saa 8 kama kuna maumivu ya tumbo, hasa chini kulia, au maumivu ya njia ya haja kubwa, au ufizi unaooza. Maumivu ya chini kulia kwa mgonjwa huyu si lazima yawe kidole tumbo. Ukuta wa utumbo mpana pale mwanzoni huvimba na kuoza neutrofili zikiisha. Mtu asikimbilie kisu.

sista_onko

Niongeze ya upande wa kitandani, maana daktari akishaandika, anayebaki na mgonjwa ni sisi.

Kipimajoto kisiingie njia ya haja kubwa. Wala enema, wala dawa ya kuchomeka, wala kidole cha daktari. Mchubuko mdogo pale ni mlango wazi wa vijidudu kuingia kwenye damu. Kagua kwa macho tu: mpanue taratibu, tazama wekundu, muulize kama anaumia akijisaidia.

Sindano ya msuli hapana, kwa sababu chembe sahani, zinazogandisha damu, nazo zimeshuka na damu itavilia ndani ya nyama. Hapo namaanisha ile diklofenaki ya msuli ambayo kila kliniki hapa kwetu humpiga mwenye homa kabla hajakaa vizuri. Inashusha homa ikaficha dalili, inaumiza figo unazotaka kuzipa jentamisini, na inazidisha kutoka damu. Parasetamoli inatosha, nayo itolewe baada ya joto kupimwa na kuandikwa. Mwambieni mgonjwa tangu Mulago: kwanza kipimajoto, halafu simu, Panadol mwisho.

Kanula: osha mikono, spiriti, acha ngozi ikauke yenyewe sekunde 30, usipulize. Kama ana kanula ya zamani au mpira wa kifuani wa kupitishia dawa, tazama ulipoingilia. Maumivu tu yanatosha kuutilia shaka, usitafute usaha.

Chupa za kuotesha damu zikipatikana, chota kabla ya dawa, ml 8 hadi 10 kwa kila chupa ya mtu mzima, sehemu mbili tofauti za mwili. Futa kizibo cha mpira kwa spiriti kwanza, maana chini ya kile kifuniko si safi kama watu wanavyodhani. Andika mkono upi na saa ngapi. Chupa zisiwekwe kwenye friji! Baridi huua tunachokitafuta. Zikae kwenye joto la chumba na zifike maabara siku hiyohiyo. Lakini mshipa ukigoma na dakika zinakwenda, dawa itangulie. Arua watachota hivyohivyo, hata kama uwezekano wa kuotesha umepungua.

Baada ya dawa kuingia: presha, mapigo, pumzi na akili yake kila dakika 30 kwa saa mbili za kwanza. Msishangae presha ikianguka saa moja baada ya dozi. Ndiyo sababu asiwe peke yake kwenye benchi la nje. Mkojo usipungue nusu ml kwa kilo kwa saa, kwa kilo 58 ni karibu ml 30. Kopo la kupimia likikosekana, chupa ya maji ya nusu lita yenye mistari ya kalamu inafanya kazi.

dkt_mtoto_gulu

Kabla watu hawajahamisha haya yote kwa watoto, hasa wale wa limfoma ya Burkitt ambao huku kaskazini tunao wengi, kuna tofauti.

Seftriaksoni ni mg 80 hadi 100 kwa kilo kwa siku, isizidi gramu 4. Jentamisini mg 7.5 kwa kilo mara moja. Lakini Burkitt inayoyeyuka haraka baada ya kemo ya kwanza hujaza damu yuriki na fosfeti, figo zikaziba. Mtoto aliyepewa siklofosfamidi siku nne zilizopita na mkojo wake umepungua, jentamisini namwekea breki hata dozi ya kwanza, namtafutia seftazidimu mg 50 kwa kilo kila saa 8.

Na maji. Jaribio la FEAST la mwaka 2011 lilifanyika hapa kwetu, Kenya na Tanzania: watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni. Waliopigwa maji ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, asilimia 10.5 ya waliopata saline dhidi ya 7.3 ya wasiopigwa. Walikuwa na malaria nyingi na upungufu wa damu, kama watoto wetu wa wodi ya kansa wanavyokuwa. Kwa hiyo mtoto ambaye presha yake haijaanguka, asimwagiwe. Mtu mzima mwenye presha ya juu chini ya 90 mpe ml 500 kwa dakika 30, sikiliza mapafu, tazama pumzi, kisha amua ya pili. Damu ikiwa chini sana, anachohitaji ni damu.

dkt_wa_zamu

Nipinge kidogo. Uchambuzi wa Cochrane (shirika linalojumlisha tafiti) uliokusanya majaribio ya dawa moja dhidi ya dawa moja na aminoglikosidi (jamii ya jentamisini na amikasini) haukuona faida ya kuongeza. Ulichoona ni figo zaidi kuharibika. Kwa nini tunafundishana mbili?

dkt_damu

Uko sahihi, ila soma dawa moja yenyewe ilikuwa ipi. Ni pip-tazo, sefepimu, seftazidimu, meropenemu: dawa ambazo zenyewe zinampiga Pseudomonas. Ukiwa na pip-tazo gramu 4.5 kila saa 6 au sefepimu gramu 2 kila saa 8, tumia hiyo peke yake na jentamisini iache kabatini, isipokuwa presha imeanguka. Kwa seftriaksoni aminoglikosidi haiongezi nguvu tu, inaziba tundu. Akifika penye pip-tazo au sefepimu, jentamisini ikatwe, siku moja au mbili zinatosha.

Meropenemu gramu 1 kila saa 8 naiweka kwa aliyezidiwa, au ambaye damu yake iliwahi kuotesha kijidudu sugu kwa sefalosporini. Hapa Uganda hilo si jambo la nadra. Kwa wagonjwa wa Taasisi ya Saratani pale Mulago, vijidudu vya Gram hasi (kundi la E. coli, Klebsiella na Pseudomonas) ndivyo vinavyoongoza, E. coli mbele, na vingi ni sugu kwa dawa za jamii zaidi ya moja. Ndiyo maana chupa ya kuotesha si pambo. Bila jibu lake, kila homa itaishia kwenye meropenemu, kisha meropenemu nayo itakwisha nguvu.

Vankomisini isianzishwe kwa mazoea. Mpe mwenye ngozi iliyoungua kwa maambukizi, mpira wa kifuani uliovimba, nimonia, au presha iliyoanguka: mg 15 hadi 20 kwa kilo kila saa 12, isiingie kwa kasi kuliko mg 10 kwa dakika, la sivyo atawashwa na kuwa mwekundu kifuani mpaka shingoni, mtadhani ni mzio.

Sasa lile swali la vidonge, maana mama wa mfano wetu anatega. Mpe alama za MASCC, zinazopima hatari ya mgonjwa wa kemo mwenye homa. Dalili ni kidogo, 5. Presha ya juu iko zaidi ya 90, 5. Hana ugonjwa sugu wa mapafu, 4. Uvimbe wake ni mgumu, si wa damu, 4. Hajaishiwa maji, 3. Homa imemkuta nyumbani, 3. Umri chini ya 60, 2. Jumla 26, na 26 ndiyo juu kabisa. 21 kwenda juu huitwa hatari ndogo. Kwa karatasi anafaa sipro mg 750 kila saa 12, yaani kidonge kimoja na nusu cha 500, pamoja na amoksiklavu mg 625 kila saa 8.

Kwa karatasi. Kwa barabara hafai. Alama hizo zinadhani mgonjwa yuko ndani ya saa moja kutoka hospitali, ana mtu wa kukaa naye, simu yenye chaji, na usafiri usiku. Anayelala kijiji ambacho boda haikubali kutoka baada ya saa mbili usiku hana hatari ndogo, hata apate 26. Na zinadhani sipro bado inawaua E. coli wa eneo hilo. Hapa kwetu simwekei dau. Pia mapigo 112 na vidonda vya mdomoni vinanifanya nimtazame zaidi: alama ya dalili naweza kuipunguza kutoka 5 hadi 3, abaki na 24, bado karatasi inasema aende nyumbani.

Kwa hiyo dozi ya kwanza ni ya mshipa kwa kila mtu. Kisha Arua: CBC, kreatinini, kuotesha. Huko akishakaa bila homa siku moja au mbili, anakula, anaishi karibu au ana jamaa mjini, ndipo vidonge. Sipro asimeze na maziwa, dawa za kiungulia wala vidonge vya damu; madini yake huikamata tumboni isiingie mwilini. Na kama anakohoa wiki mbili au zaidi, pelekeni makohozi GeneXpert (mashine ya kupima kifua kikuu) kabla ya sipro, maana hupooza kifua kikuu kwa muda na kukificha.

tabibu_koboko

Kwa hiyo akiwa bado ana homa siku ya tatu, naomba Arua wabadilishe?

dkt_damu

Homa peke yake si sababu ya kubadilisha. Wenye uvimbe mgumu hupoa kwa wastani siku ya 2, wenye kansa ya damu siku ya 5, hata dawa ikiwa sahihi kabisa. Kama presha imesimama na anakunywa uji, subira. Tumia siku hiyo kumkagua upya toka kichwani: mdomo, kanula, njia ya haja kubwa, kioo cha malaria tena, eksirei, kipimo cha VVU kama hakikufanywa. Kama anatumia zidovudini au septrini, zote mbili hushusha neutrofili. Zungumzeni na kliniki yake. Mwenye VVU anayehema haraka na oksijeni inashuka akitembea, fikirieni nimonia ya Pneumocystis, ambayo, ukiacha septrini, hakuna dawa tuliyoitaja hapo juu inayoigusa.

Akizidi kudhoofika, hapo badilisha siku hiyohiyo, usingoje ya tatu.

Siku ya 4 hadi ya 7, homa ipo na neutrofili hazijapanda, fikirieni fangasi. Flukonazoli haimgusi Aspergillus, fangasi wa mapafu. Amfoterisini B ya kawaida ni mg 0.7 hadi 1 kwa kilo kwa siku, ndani ya dekstrosi asilimia 5 tu. Ikiguswa na saline inaganda. Iingie kwa saa 4 hadi 6, itanguliwe na saline ml 500 hadi lita 1 yenye potasiamu kloridi mmol 20 kama mkojo unatoka, na potasiamu na kreatinini zipimwe walau mara mbili kwa wiki.

Kusimamisha: joto limetulia saa 48 na neutrofili zimevuka 500 na hakuna kilichooteshwa, simamisha. Neutrofili zikichelewa lakini mgonjwa amepata dawa walau saa 72, amekaa saa 48 bila homa na amepona kwa macho, miongozo ya Ulaya inaruhusu kusimamisha na kumlinda wodini. Homa ikirudi, dawa irudi ndani ya saa ileile. Kilichooteshwa kwenye damu kinataka siku 7 hadi 14.

sista_onko

Na barua ya rufaa, tafadhali. "Amepewa antibayotiki" haitusaidii kitu. Andikeni: kemo ipi na tarehe yake, joto la kwanza na lilipimwa wapi mwilini, uzito, seftriaksoni gramu 2 saa 4:20, jentamisini mg 280 saa 5:00, kama parasetamoli imetolewa, na majibu ya malaria kwa kipimo kipi. Bila saa ya jentamisini, mtu wa zamu ya usiku Arua atampa nyingine. Na piga simu wodini kabla gari halijaondoka, chupa za kuotesha zitolewe stoo, maana stoo hufungwa saa kumi na moja jioni.